Treni Iliyokonda

Kiwandani kila mtu alimwita mume wangu Milimita, na jina hilo nililikuta. Alikuwa fundi wa kalibu. Kalibu ni pande la chuma lililochongwa kwa ndani umbo la kitu. Plastiki ya moto inasukumwa humo, inapoa, chuma kinafunguka katikati, kitu kinatoka kimekamilika mpaka misumari yake. Kitu chetu sisi kilikuwa treni. Treni za mfano, za watu wazima kuweka mezani na kuziangalia zikizunguka bila kufika popote. Miaka thelathini na moja nimekula kwa treni hizo, na treni ya kweli sijaipanda hata siku moja.

Mimi nilikuwa mkaguzi. Shule nilikaa miaka miwili, nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo herufi mpaka leo nazivuta moja moja kama mtu anayetoa miiba. Lakini namba hazijawahi kunisumbua. Kila treni kabla ya kuingia kwenye boksi ilipita mezani kwangu. Kila aina ilikuwa na kadi yake yenye vipimo: urefu, kimo, upana, nafasi kati ya gurudumu na gurudumu. Napima, nalinganisha na kadi, naizungusha kwenye reli mara tatu, kisha napiga muhuri wangu chini ya tumbo lake. Wenye maduka walikuwa wakigeuza treni kutafuta muhuri huo kabla ya kusaini kupokea mzigo. Miaka yote hiyo hakuna kibovu kilichotoka kwa mkono wangu. Mtu atasema naringa. Ndiyo, naringa. Wenzangu wana majumba, wengine wana watoto madaktari. Mimi nilikuwa na hilo.

Milimita alipokuja nyumbani kwetu kuniposa, kitu cha kwanza alichokifanya ni kusimama mlangoni akafumba jicho moja.

"Fremu hii imepinda, mzee," akamwambia baba yangu. "Milimita nne hivi."

Baba akamtazama toka kichwani mpaka viatuni. "Na wewe mkwe umepinda ngapi?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anafikiria jibu. Huyo ndiye niliyeolewa naye.

Wanaokuja kuniuliza habari za kiwanda huwa wanaanza na swali moja: kwa nini saizi fulani za treni zipo kila duka, na nyingine zimekufa? Wanadhani zile zilizokufa zilikuwa mbaya. Kaeni niwaeleze, maana habari ya mume wangu yote imo humo.

Sisi tulitengeneza saizi tatu. Kubwa, behewa lake moja ni kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Ndogo, behewa linakaa kiganjani. Na katikati yao ilikuwepo Kati. Kati ndiyo ilikuwa ya Milimita. Ukichukua treni ya kweli ukagawanya kila kitu kwa sitini na nne, unapata Kati. Nasema kila kitu: mwili, gurudumu, ngazi ya dereva, na upana wa reli yenyewe. Ilikuwa inakaa mkononi vizuri, si nzito, si ya kupotea machoni. Mimi mwenyewe niliipenda kuliko zote.

Ndogo ilikuwa na uongo ndani yake. Mwili uligawanywa kwa sabini na sita, lakini reli imegawanywa kwa themanini na saba. Yaani mwili mnene umesimamishwa kwenye reli nyembamba, kama mama mtu mzima aliyevaa viatu vya bintiye. Sababu yake ni ya zamani. Wale walioanza walikuwa na mota kubwa, haziingii tumboni mwa treni ndogo kiasi hicho. Mota haikupungua, basi wakanenepesha mwili, reli wakaiacha ilivyo. Baadaye mota nyembamba zikapatikana, lakini wanunuzi walishakuwa na reli majumbani, na mabehewa manene juu yake. Nani atawaambia watupe? Kila kiwanda kilichofuata kikafuata uongo uleule ili treni zake zisimame pamoja na za wenzake.

Jambo hilo lilimkera Milimita kama kokoto kwenye kiatu. Baba yake alikuwa mchochea makaa kwenye kichwa cha treni ya kweli, ya moshi, miaka ishirini. Yeye alipokuwa mtoto alikipima kichwa kile kwa kamba, kipande kwa kipande, na vipimo alivihifadhi kwenye daftari. Ndoto yake ilikuwa kukitoa kichwa hicho kwa Kati, kila kitu kimegawanywa sawasawa. Miaka minne alikichora, jioni kwa jioni, kwenye meza tuliyolia chakula. Sahani zetu tuliziweka mapajani.

Mzee mwenye kiwanda alimpenda, akamwacha na Kati yake ingawa haikununuliwa sana. Mzee alipofariki, kiwanda kikaja mikononi mwa bintiye. Tulimwita Binti, na aliendelea kuitwa Binti hata alipoota mvi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Wiki ya pili alitukusanya kwenye ukumbi wa kufungia mizigo, akachukua chaki, akachora sakafuni chumba. Kitanda hapa, kabati hapa, mlango hapa.

"Hiki ndicho chumba cha mnunuzi wetu," akasema. "Fundi, nichoree reli ya Kati izunguke humu."

Milimita akapiga magoti na chaki. Reli ya treni haipindi ghafla, inataka kona pana. Akachora, kona ikapanda kitandani. Akafuta, akachora tena, ikaziba mlango. Watu wakaanza kukohoa kwa kuzuia kicheko.

"Auze kitanda," akasema Milimita.

"Mkewe alale wapi?"

"Kama ni mke wa mtu anayependa treni, ameshazoea sakafu."

Hapo kicheko kikatoka, na wote wakanigeukia mimi. Binti naye alitabasamu kidogo, kisha akachukua chaki akachora Ndogo. Ilizunguka kwenye ubao usiozidi kitanda, ukabaki na nafasi ya stesheni na mlima.

"Vyumba vya watu vinapungua kila mwaka," akasema. "Na sikiliza jambo la pili. Mtu akinunua kichwa cha Ndogo kwangu, mabehewa atanunua kwa mwingine, nyumba za karatasi kwa mwingine, vijitu vya kusimama stesheni kwa mwingine. Tuko viwanda kumi tunalishana. Kati tuko peke yetu. Tusipotengeneza sisi mpaka mti, hana mti. Mwenye nafasi kubwa ananunua Kubwa, anaiweka bustanini, watoto wanaishika. Asiye na nafasi ananunua Ndogo. Kati ni ya nani?"

Milimita akasema, "Ni ya kweli."

"Sijauliza hivyo, fundi."

Nilimchukia siku ile, na nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi. Saizi haishindi kwa uzuri. Inashinda ile iliyotangulia kuingia majumbani, maana mtu akishapigilia reli kwenye ubao wake, ameshaoa. Mimi kila siku nilihesabu maboksi yakitoka, nikaona yanayokwenda ni yapi. Milimita hakuyaona. Yeye alikaa chumba cha nyuma na chuma chake.

Binti hakuwa katili. Alimwita ofisini, akampa sharti. Mwaka ule kiwanda kingetoa kichwa kipya kimoja. Milimita akikitoa kichwa cha baba yake kwa Ndogo, na kikapendwa, kalibu za Kati zitabaki, na kila mwaka zitasukumwa mara moja kwa ajili ya wachache wanaozitaka. Akikataa, kalibu zote ishirini na mbili zitauzwa kwa kilo.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nafua.

"Anataka nimnenepeshe baba yangu," akasema.

"Anataka umtoe baba yako duniani. Mnenepeshe kidogo, atapendeza."

"Usinitanie, mama."

"Sikutanii. Ishirini na mbili unaziokoa kwa moja. Hata mimi niliyeacha shule naona hesabu hiyo."

Nikamaliza kuanika. Kisha akasema, "Haya." Nilimwamini. Ilikuwa haya ya mtu aliyekubali, hivyo ndivyo nilivyoisikia.

Miezi minane alichonga. Michoro aliyompelekea Binti ilikuwa ya sabini na sita, kila mtu aliiona ukutani. Chuma kilipofunguliwa mara ya kwanza, kichwa kikatoka, watu wakasogea kukizunguka. Sitasahau. Mabomba, riveti, kifuniko cha makaa, mpaka lile bati alilokalia baba yake. Binti alikiweka juu ya meza yake, peke yake, akakitazama kwa muda mrefu, akasema, "Fundi, hii ni kazi." Akasaini.

Mzigo wa kwanza ukaja mezani kwangu pamoja na kadi, imeandikwa kwa mkono wa Milimita. Nikapima urefu, sawa na kadi. Kimo, sawa. Magurudumu, sawa. Nikakiweka kwenye reli, na nyuma yake nikafunga behewa la kawaida ili kijaribu kuvuta. Behewa lilikuwa refu kwenda juu kuliko kichwa. Kichwa kilionekana kama mtoto anayemvuta ng'ombe.

Nikachukua kalipa, kile chombo changu cha kupimia, nikapima tena, nikagawanya kichwani kama nilivyozoea. Haikuwa sabini na sita. Mwili wote ulikuwa themanini na saba, umelingana na reli yake. Alikuwa ameiondoa mota kubwa, akaweka ile nyembamba ya treni za mapambo, na kadi akaiandika ifuate uasi wake. Vidole viwili vilipungua kwenye urefu, na hakuna aliyevihesabu, kwa sababu kila mtu alikitazama kikiwa peke yake.

Nikaenda chumba cha nyuma, nikafunga mlango.

"Umefanya nini wewe?"

Hakujifanya hajui. "Nimekifanya kiwe kweli."

"Kweli kwa nani? Watu wana mabehewa manene majumbani! Watakifunga mbele wacheke."

"Wataona. Wakiona kimoja cha kweli, wataanza kuyaona mengine yalivyo. Wataomba mabehewa yafanane nacho. Mama, lazima mtu aanze."

"Aanze mwenye kiwanda. Wewe umesainiwa sabini na sita."

Akanishika mikono. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya mashine, na hakuwa mtu wa kushika mikono. "Kadi inasema sawa," akasema. "Wewe kazi yako ni kadi. Likitokea lolote, kadi niliandika mimi, nitasimama mimi. Nani atakugusa? Nipitishie hiki kimoja. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Ningeweza kumjibu kwamba kazi yangu si kadi, kazi yangu ni treni. Nilijua hivyo. Nilirudi mezani nikapiga muhuri vichwa mia nne, kimoja kimoja, na kila nilipoinua mkono nilijua ninachokifanya. Hilo ni langu, silikatai.

Vilianza kurudi baada ya wiki sita. Maboksi yalikuja na barua, na dada wa ofisini alizisoma kwa sauti ukumbini wakati wa chai. Mmoja ameandika, kichwa chenu kimekonda, mlikilisha nini? Mwingine kauliza kama ni cha msichana. Mwenye duka mmoja alirudisha vyote akasema wateja wake wanakiita Mgonjwa. Aliyeandika kwa kusifu alikuwa mmoja tu, mzee fulani, na yeye alisema ni kizuri mno, ila hana cha kukifunga nyuma. Waliokata tamaa zaidi walikuwa wale waliotuamini kwa miaka mingi. Waligeuza tumbo, wakaona muhuri wangu upo.

Binti akaita kikao. Tulikuwa wanne: yeye, msimamizi wa ukumbi, Milimita na mimi. Mezani kilikuwepo kichwa kimoja na, kando yake, kadi.

"Nataka kujua," akasema Binti, "hiki kimetokaje."

Nilikuwa nangoja. Mume wangu alisema atasimama.

Milimita akakohoa. Akasema kalibu ile ilikuwa ya majaribio. Akasema fundi wa kalibu huchonga, hujaribu, hurekebisha, na ndiyo maana kuna mkaguzi, ili kitu kisicho sawa na kadi kirudi kwake. Kichwa kile kilipaswa kurudi. Hakikurudi.

Binti akanisogezea kadi. Nikaitazama. Ilikuwa mwandiko uleule, kalamu ileile, saba zenye kiuno kama anavyoziandika. Lakini namba zilikuwa nyingine. Urefu wa sabini na sita, kimo cha sabini na sita. Alikuwa ameandika kadi mpya. Wino wake haukuwa na hata alama ya kidole, wakati kadi zangu zote zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa.

"Mama," akaniambia Binti, na alisema taratibu, "uliipima kwa kadi hii?"

Mtu atauliza kwa nini sikupiga kelele pale. Nilimtazama mume wangu, nikampa nafasi. Alikuwa anaiangalia kona ya meza kama mtu anayetafuta ilivyopinda. Na mimi sikuzaliwa nimlilie mwanamume wangu mbele za watu anihurumie. Nilisema, "Muhuri ni wangu." Basi.

Nadhani Binti alijua. Msimamizi naye alijua, maana alitoka bila kuaga. Lakini mkaguzi unamfundisha mwezi mmoja, ukimpata mwenye macho. Fundi wa kalibu wa kiwango kile humpati hata ukizunguka nchi. Kama saizi zile tu: kinachobaki ni kile ambacho kukiondoa kutavuruga vingine vingi. Kumwondoa yeye kungefunga kiwanda. Kuniondoa mimi kulihitaji mtu wa kunishikia koti nivue la kazi.

Nilitembea nyumbani peke yangu saa nne asubuhi. Sikumbuki hata mara moja kabla ya hapo kuiona barabara ile saa nne asubuhi.

Alipofika jioni alisimama uani. "Wangeuza Kati," akasema. "Wangenifukuza, halafu wangeuza zote siku hiyohiyo. Nikiwa ndani naweza kuzilinda. Wewe kazi nyingine utapata."

"Kazi nyingine nitapata," nikamwambia. "Chakula kipo jikoni."

Nilipata, ndiyo. Nilipanga vifungo kwenye kiwanda cha mashati. Hakuna aliyekuwa akigeuza shati kutafuta muhuri wangu. Na mtaani habari ilishafika. Wifi yangu, dada yake Milimita, alinikuta sokoni mbele ya watu akasema, "Pole wifi, nasikia macho yameanza kuchoka." Nikamwambia macho yangu yanamwona vizuri tu, na kwamba nguo yake imechanika nyuma. Haikuchanika, lakini alirudi kwake ameishika kwa mikono miwili.

Miaka miwili baadaye lori lilikuja kiwandani, likapakia kalibu zote ishirini na mbili za Kati. Milimita aliwasaidia kuzibeba kwa sababu walikuwa wanazigonga gonga. Zilikuwa zinakwenda kuyeyushwa, na yeye anawaambia washike taratibu. Alirudi akaniambia hivyo mwenyewe, hakuruka hata neno. Nikamuuliza, "Ulizilinda?" Alikwenda kunawa mikono. Sikumwonea huruma. Baadaye usiku nilimsikia akipumua usingizini kama mtu aliyebebeshwa mzigo, bado sikumwonea huruma, na sioni kwa nini niandike vingine hapa ili nionekane mwema.

Tangu nifukuzwe tuliishi hivyo miaka kumi na moja. Hatukugombana. Tuliongea habari za paa, za maji, za majirani. Alikuwa ameshastaafu, vumbi la chuma limemkaa kifuani, akawa anapanda ngazi mbili anasimama. Siku moja akiwa amekaa kitandani anafunga vifungo, akasema bila kunitazama, "Nitaenda kusema."

Nilijua anasema nini. "Nenda."

Nilimpigia pasi shati la kola. Nilimtolea viatu. Nilimtazama akienda mpaka kona, anasimama, anakwenda, anasimama. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani: nikakaa chini mchana kweupe bila kazi mkononi, nikangoja. Nilifikiria Binti atakavyokuja. Nilifikiria nitamkaribisha kiti gani. Nilijiambia nisimjibu haraka, nimwache aseme mpaka mwisho.

Alirudi saa kumi, jasho limemlowesha, macho yanang'aa kama ya kijana. Kwapani ana karatasi zimeviringishwa.

"Wamenipa kazi," akasema. "Kichwa kilekile. Wanataka nikichore upya, sabini na sita. Kompyuta yao imeshindwa kupata mabomba ya upande. Binti mwenyewe kaniomba. Alinipa chai."

"Umesema?"

Akaweka karatasi mezani, akaanza kuzifungua, akatafuta vikombe vya kukandamizia pembe zake.

"Umesema?"

"Haikupatikana nafasi. Nitasema siku nikipeleka."

Akachora miezi mitatu. Alimnenepesha baba yake bila kunung'unika, na nakwambieni alikuwa na furaha, alikuwa akipiga mluzi. Nilimwekea sahani yake, akaila mapajani. Alipopeleka mchoro wa mwisho, sikumuuliza tena, naye hakusema kitu. Mwezi wa tano akafariki.

Mwaka jana dada wa ofisini alikuja kwangu, mwingine, mdogo, ana adabu. Akaniambia kile kichwa kilichokonda sasa kinatafutwa na wakusanyaji kila mahali. Vile vilivyorudi viliharibiwa, vilivyosalia havizidi thelathini. Siku hizi wamejitokeza watu wanaotaka kipimo cha kweli, mwili na reli kwa namba moja, na wanamsema Milimita kama mtu aliyeona mbele. Kiwanda kinatoa kijitabu juu yake. Alikuja kuomba picha.

Nikamwomba anisomee kilichoandikwa. Akasoma. Kilikuwa kizuri. Daftari la kamba limo, baba mchochea makaa yumo. Kisha akafika mahali akapunguza sauti: mkaguzi alipitiwa, na kwa bahati njema hiyo kichwa kikafika madukani.

"Mkaguzi ni mimi," nikasema.

"Najua, bibi. Hatujaweka jina."

"Sikupitiwa. Nilikipima nikajua ni themanini na saba. Kadi ilikuwa nyingine, akaibadilisha. Andika hivyo."

Akakaa na kalamu yake hewani. Mtoto wa watu, nilimwona anataabika. "Bibi, nikiandika hivyo, kijitabu kinakuwa kitu kingine. Watu wanampenda sasa. Na yeye hayupo ajieleze."

"Alikuwepo miaka kumi na moja."

"Ninaelewa, bibi. Lakini wakubwa hawatapitisha."

"Basi na picha sipitishi."

Wakachapisha na picha ya kiwandani, ya kitambulisho, amekunja uso. Niliusoma ukurasa ule mwenyewe, herufi kwa herufi, siku mbili. Neno ni lilelile, alipitiwa. Ndiyo maana nimeandika haya kwa mkono wangu, na imenichukua muda mrefu kuliko alivyochukua yeye kuchonga kichwa chake. Aliyekipitisha alikuwa anaona. Alikipitisha kwa sababu aliombwa na mumewe mara moja katika maisha, na hiyo mara moja ilitosha.

Wifi yangu alikuja juzi na kijitabu mkononi, anatembea kwa fimbo sasa, tumebaki wawili. Alikaa akanywa chai yangu, akasema ni vizuri nimsamehe marehemu, tumeshazeeka, mambo yenyewe ni ya treni za plastiki.

Nikamwambia marehemu hajaniomba.